Mpiga dawa wa Mwakabeho na samadi ya baba mkwe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Zipora Nkwabi amepiga magoti nyuma ya jiko lake, uso karibu uguse ardhi, anatazama maharage. Hana shamba la maharage. Haya yameota kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, yamepangwa kando ya ukuta mahali ambapo kuku hawafiki, na kila kopo lina udongo wake.

Anaanza na kopo la udongo mweusi uliotoka mbugani. Mche umenyooka na majani yake ni ya kijani. Anasogea kwenye kopo la luseni, ndivyo Wasukuma wanavyouita udongo wa kichanga, na hapo anakaa muda mrefu zaidi. Majani ya chini yamekuwa ya njano kuanzia kwenye kingo. Anayapapasa kwa kidole, kisha anafuta kidole kwenye kanga.

Nyuma yake amesimama jirani yake, Mwamvua, mjane wa makamo ambaye hapa wanamwita Mama Shabani. Hakuitwa. Amekuja tu, kama alivyokuja jana na juzi.

“Yakoje?” anauliza.

“Majani ya chini yameanza,” Zipora anajibu bila kugeuka.

Mwamvua anakaa juu ya kinu kilichopinduliwa na kutazama mawingu.

Zipora ni mpiga dawa ya magugu wa kijiji cha Mwakabeho, kwenye nchi kavu ya pamba na ng'ombe upande wa Kishapu. Makopo yale ndiyo njia yake ya kujua kama dawa aliyoipiga misimu miwili iliyopita bado imo ardhini. Maharage yana roho nyepesi. Yakikutana na dawa hayajifanyi hodari, yanageuka njano mara moja na kila mtu anaona.

Mwamvua ana sababu ya kuja kila siku. Kipande chake cha luseni kimemnyima mavuno misimu miwili mfululizo. Mwaka huu, kwa mpango wa kijiji, upande wote wa luseni unapandwa karanga. Kipande kikishindwa kwa msimu wa tatu, utaratibu waliojiwekea wenyewe wanakijiji unasema kinapewa mtu mwingine. Mwamvua hana kipande kingine, na mvua iko njiani.

Mtu anayesikia “mpiga dawa” huenda akamfikiria mtu mkali mwenye buti na miwani. Zipora ni mwanamke mnene wa miaka arobaini na ushee, mcheshi, mwenye miguu ambayo kijiji kizima kinaisifia. Alikulia kwenye kikundi cha kulima kwa ngoma, wale wanaoshuka shambani na majembe na ngoma yao, wakapalilia eka nzima huku wakicheza. Mkulima wa namna hiyo hatazami saa. Anafuata wimbo, na jembe linashuka pale wimbo unapotaka.

Dawa ilipofika kijijini mwaka 1979, bwana shamba, Cornel, alitafuta mtu wa kubeba bomba la mgongoni. Alijaribu vijana kwanza. Mmoja alitembea kama anayekimbilia basi, sehemu zake zikabaki na magugu. Mwingine alitembea kama anayekwenda ukweni, pamba ikaungua. Cornel alieleza hadi sauti ikakauka kwamba mkono unapampu vilevile siku zote, kwa hiyo ukitembea polepole dawa inamwagika nyingi, na ukikimbia inakuwa haba.

Zipora alikuwa amesimama pembeni na jembe lake, akauliza kama anaruhusiwa kuimba. Cornel akasema aimbe. Akaenda na kurudi, akaenda na kurudi, hatua zake hazikubadilika hata kidogo.

“Nilimkabidhi bomba siku ileile,” anasema Cornel, kijana mrefu anayekuja Mwakabeho kwa baiskeli na ambaye huku wanamtania kwamba suruali yake ina vumbi la wilaya nzima. “Mimi nimesoma namna ya kupima mwendo, lakini siwezi kutembea hivyo. Nikifika katikati ya shamba ninaanza kufikiria mambo yangu.”

Wanawake wenzake walimpa Zipora shida mwanzoni. Walisema amewauza, kwa kuwa dawa ikipalilia, nani atawaita wao na ngoma yao? Akawajibu waje waimbe, yeye apige dawa kwa wimbo wao. Wakaja. Tangu hapo Mwakabeho ni kijiji pekee nilichowahi kufika ambapo sumu inanyunyizwa kwa kwaya.

Msimu ule wa kwanza shamba lilibaki safi, isipokuwa sehemu fulani. Katikati ya usafi ule yalitokea mabaka ya mviringo, magugu yamejazana humo kana kwamba hakuna mtu aliyepita na bomba. Zipora aliona aibu. Wapo waliosema ameruka mistari, na wapo waliosema kwa sauti ya chini kwamba wenyewe wa pale, mizimu ya wazee, wameikataa dawa.

Cornel alichimba kwenye baka moja, akanusa udongo, akacheka. Ilikuwa samadi ya zamani. Kabla ya mwaka 1974, watu walipohamishiwa kijijini, kila familia ilikaa kwenye eneo lake na zizi lake. Nyumba zilianguka, trekta likang'oa minyaa ya ua, na shamba la bega kwa bega, ambamo kila familia ina kipande kando ya mwenzake, likachorwa juu yake kwa mistari iliyonyooka. Lakini mavi ya ng'ombe ya miaka mingi yalikuwa bado yamo ardhini.

“Samadi inaishika dawa kama mtoto anavyoshika gauni la mama yake,” Cornel ananieleza. “Dawa ipo pale, lakini mizizi haiipati, ndiyo maana magugu yanaota. Udongo mweusi wa mbuga nao unashika kiasi, unahitaji kipimo kikubwa kidogo. Luseni haishiki kitu. Dawa inabaki huru, na mche unainywa yote.”

Anaongeza kwamba dawa haikai milele. Humo ardhini kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huila polepole, ila vinataka unyevu. Mwaka jana mvua ilikuwa ya kubahatisha, vijidudu vikalala njaa, na dawa ikabaki ilivyo.

Watu wa Mwakabeho walipata faida nyingine kwenye yale mabaka, ambayo Cornel hakuitarajia. Walianza kuyatambua. Eneo ambalo familia ilikaa zamani wanaliita itongo, na shamba lile lilikuwa limefuta matongo yote. Sasa magugu yalikuwa yameyarudisha. Jumapili baada ya kanisa ungeona mtu na watoto wake wamesimama ndani ya baka, anawaonyesha walipozaliwa. Mimi mwenyewe niliona jambo hilo na sikuona aibu kuguswa.

Baka kubwa kuliko yote ni la Mzee Maduhu, baba mkwe wa Zipora. Liko karibu na barabara, limepakana na kipande cha Mwamvua.

Sasa kuhusu kipande hicho. Msimu wa mwaka 1981, kijiji kilipata wageni kutoka wilayani waliokuja kutazama upigaji dawa. Wageni walisimama barabarani, kwenye kivuli cha gari lao, mbele kabisa ya kipande cha Mwamvua. Kiongozi wa waimbaji alikuwa Serafina, mwanamke mwenye heshima zake. Akaona si adabu kuwapitisha wageni kwa wimbo wa haraka. Akaupunguza mwendo, apate nafasi ya kutia majina yao ndani na wasikie vizuri kila mmoja alivyosifiwa.

Miguu ya Zipora ikaufuata wimbo, maana ndivyo ilivyofundishwa. Mkono wake ukaendelea kupampu kama kawaida. Ilipofika sifa ya mgeni mkubwa, anakiri, alikuwa karibu anacheza mahali pamoja. Wageni wakapiga makofi. Dawa ikamiminika kwenye luseni, udongo ambao ungestahili kupewa kidogo kuliko wote.

Pamba ya Mwamvua iliungua ikiwa na majani mawili. Msimu uliofuata akapanda karanga, akidhani yameisha. Zikaota vizuri, zikampa moyo, kisha zikawa njano na kukauka mstari baada ya mstari. Kwa wenzake pande zote mbili zilistawi.

“Hakunilaumu hata siku moja,” Zipora anasema. “Angenitukana ningelala. Alikuwa anapita hapa ananiambia, Mama Justa, umeamkaje, na mimi naona karanga zake mbele ya macho.”

Serafina naye hajapona. Wenzake wanamtania kwamba siku hizi hata msibani anaimba mbio.

Mwamvua alikuja Mwakabeho akiwa bibi harusi kutoka upande wa Tabora, akiwa ameolewa na mfanyabiashara wa ngozi wa hapa. Mume alifariki, watoto wakaenda kutafuta maisha, yeye akabaki. Nilipomuuliza kwa nini hakurudi kwao, alisema wazazi wake walishatangulia na kule angekuwa mgeni. Kisha akaongeza kwamba hata hapa, miaka yote hii, wapo wanaomwita “mgeni wa marehemu”. Karanga zilikuwa zake peke yake. Alizipanda, alizichagua, alizikaanga na kuziuza gulioni, na watu walikuwa wanamjua kwa hizo.

Ndipo Zipora alipoanza mambo ya makopo. Cornel alimwonyesha njia hiyo, aliyoipata chuoni. Waliweka luseni ya Mwamvua kopo moja, udongo wa mbuga jingine, na udongo wa kando ya kanisa usiowahi kuona dawa. Kopo la mwisho lilikuwa wazo lao la pamoja walipokuwa wanakunywa uji. Walichanganya luseni ya Mwamvua na udongo wa itongo la Mzee Maduhu, uliokwanguliwa kiasi cha viganja viwili.

Kwenye kopo hilo maharage ni mazuri. Nimeyaona. Yana majani mapana kuliko hata yale ya kando ya kanisa.

Kwa hiyo dawa ya dawa ilikuwa imejulikana, na ilikuwa umbali wa kutupa jiwe kutoka shamba lenyewe. Samadi ya mazizi ya sasa haikuwepo. Ukame umepunguza ng'ombe, na kidogo kilichopatikana kilikwisha tawanywa kwenye pamba. Kilichobaki ni lile baka. Viganja viwili vya kujaribia si neno, lakini huku udongo wa itongo la mtu haubebwi kwa vikapu hivi hivi. Mwenyewe ndiye anayepiga jembe la kwanza. Kuchukua bila yeye ni kumtakia mabaya, na hakuna anayetaka kusikia jina lake likitajwa hivyo.

Zipora alikwenda kwa baba mkwe kama mkwe anavyokwenda, akapiga magoti mbali kidogo, macho chini, akaamkia. Mzee akaitikia marahaba, akauliza habari za wajukuu, akaulizia hata bomba. Aliposikia ombi, akatazama upande wa itongo.

“Ng'ombe wangu waliondoka mmoja mmoja,” alisema. “Nyumba nikaivunja kwa mikono yangu. Kilichobaki kwangu ni mavi. Nayo mnayataka?”

“Ndiyo, baba.”

“Mkiyaondoa, dawa yako itashika pale. Magugu yatakufa. Mimi nitajuaje nilikaa wapi?”

Zipora anasema alikuwa ameongea habari za samadi kana kwamba ni samadi tu, na alikuwa hajafikiria kwamba mzee huyo anakwenda pale kila masika, anasimama kwenye magugu hadi kiunoni, halafu anarudi nyumbani ametulia. Aliaga, akaondoka. Hakumwambia Mwamvua neno lolote.

Lakini Mwakabeho hakuna siri. Habari ilimfikia Mwamvua kisimani.

Alichofanya Mwamvua kimezungumzwa sana kijijini tangu siku hiyo. Alimfuata Mzee Maduhu kwake, akamsalimia, na hakutaja karanga wala samadi. Alimwomba ampeleke itongoni akamwonyeshe mlango wa nyumba yake ulikuwa wapi.

Mzee alidhani anachezewa. Alipoona mama wa watu amesimama anangoja, akachukua fimbo yake. Walikaa kule mchana kutwa. Alimwonyesha mlango, ulipokuwa unatazama jua linapozama. Akamwonyesha nyumba ya mke mkubwa na ya mke mdogo, lango la ng'ombe, mahali ambapo mwanawe wa kwanza alijifunza kutembea, na mahali alipozikwa mbwa mmoja hodari ambaye jina lake bado analitaja kwa heshima. Mwamvua alikuwa anauliza, anarudia alichosikia, anasogea hatua na kusema, “Hapa?” hadi mzee akubali kwamba ndipo.

Waliporudi, Mzee Maduhu alimwita mkwewe.

“Chimbeni,” alimwambia Zipora. “Sasa tuko wawili tunaojua.”

Alitoa sharti moja. Sehemu ya mlangoni isiguswe, na bomba lisipite hapo tena. Zipora akasema atapalilia itongo lile kwa jembe mwenyewe kila msimu, muda wote atakapokuwa na nguvu. Ni mpiga dawa wa kwanza niliyemsikia akiahidi kutopiga.

Nilikuwepo siku ya kuchimba. Kikundi chote kilikuja na majembe, vikapu na ngoma, na Serafina akaimba kwa mwendo unaofaa. Mzee Maduhu alivaa koti. Alipiga jembe la kwanza, udongo ukatoka mweusi na laini, bado una harufu ya zizi baada ya miaka yote hiyo. Akaujaza kwenye kikapu mwenyewe. Vijana walitaka kumpokea, akakataa. Akatembea nao hadi kwenye kipande cha Mwamvua, akaumwaga, akausambaza kwa mguu.

Kisha akamgeukia Mwamvua.

“Mayu,” alimwambia, yaani mama kwa Kisukuma, “ukiulizwa umeutoa wapi, sema umeutoa kwetu.”

Mwamvua alijifunika uso kwa kanga. Wanawake waliacha kuimba wakamngoja, na hakuna aliyemharakisha. Alipojifunua aliitikia “wabeja, baba”, asante kwa Kisukuma, na akaenda kuchukua kikapu.

Walibeba hadi jua likawa kali. Cornel alivua shati lake la kazi, akabeba pia, akielekeza unene wa kutandaza na namna ya kuchanganya na jembe hadi mizizi ya karanga inapofika. Mwenyekiti wa kijiji alipita na kuuliza kama kipande kile kina matumaini, maana kina maneno. Kabla ya mtu mwingine kufungua mdomo, Mzee Maduhu alimjibu kwamba pale pana itongo lake sasa, na yeye hajasikia habari ya kugawa matongo ya watu. Mwenyekiti akacheka, akasema tutaona mavuno, akaendelea na safari yake.

Kwa hiyo utaratibu uko palepale, na mavuno ndiyo yatakayosema. Zipora analijua hilo kuliko mtu yeyote. Makopo ni makopo, anasema, yako kivulini na yanamwagiliwa kila siku. Shamba liko wazi. Anaamini samadi itaishika dawa vya kutosha karanga zipite, lakini hataapa.

Nilimuuliza atafanya nini zikigeuka njano tena. Alinijibu kwamba amekwisha mwambia Mwamvua achukue kipande chake yeye cha luseni, kilicho upande wa pili, kizuri, cha karanga. Amezungumza na mumewe, wamekubaliana. Aliyepita pale na bomba alikuwa yeye.

Nilimpelekea Mwamvua maneno hayo. Alikuwa anabangua karanga za mbegu uani kwake, akichagua moja moja.

“Kaniambia,” alisema. “Ni mwenzangu, najua angenipa kweli. Lakini mimi silitaki shamba lake. Nalitaka langu.”

Mvua ya kwanza ilinyesha Mwakabeho usiku uliofuata, ya wastani, isiyo na upepo. Asubuhi nilimkuta Zipora kwenye kipande kile pamoja na Mwamvua, wanapanda, mmoja anatoboa na mwingine anatia mbegu, miguu imeloa tope hadi kwenye magoti. Bomba lilikuwa nyumbani, limening'inia darini. Alikwisha kubaliana na Cornel kwamba kuanzia sasa kila udongo una kipimo chake, na luseni itapaliliwa kwa jembe hadi vijidudu vimalize kazi yao.

Nilitaka kujua anaomba nini kwa msimu huu. Nilidhani atasema bomba jipya, maana la kwake linavuja na amelifunga kwa kipande cha mpira. Aliinuka, akanyoosha mgongo, akatazama mistari waliyokwisha fukia.

“Debe la kwanza hatuuzi,” alisema. “Tutalichemsha hapahapa shambani, na chumvi yake. Mama Shabani atamwandalia baba mkwe wangu, naye atakula akiwa amekaa mlangoni kwake.”